Kuchungulia Kupitia Kitovu

Wiki niliyokabidhi funguo za kabati la vifaa, wauguzi vijana wa chumba cha upasuaji walinipa kitenge, keki na kazi. Kazi yenyewe ni hii: niandike niliyoyaona. Nikawaambia mkono wangu umezoea kupokea mkasi, si kalamu. Wakacheka, wakadhani natania.

Vyeo sitaviandika. Anayetaka kujua nilipandishwa lini aende masijala, wamwambie faili halionekani. Nitaandika kuhusu watoto wa kiume ambao korodani zao zilibaki tumboni, kwa sababu katika miaka yangu yote ya kazi hakuna jambo lililonifanya nisimame na kushangaa kama hilo, na mpaka leo mshangao haujaisha.

Nilianza kazi katika hospitali moja ya misheni nje kidogo ya mji wa Iringa. Mimi ni Mhehe wa Ilula, binti wa mkulima wa nyanya, na siku ya kwanza nilipoingia chumba cha upasuaji nilivaa mabuti ya mpira makubwa kuliko miguu yangu, nikawa natembea kama bata. Mkuu wa chumba aliitwa Sista Kaduma, mama mfupi, mkali, anayenong'ona badala ya kupaza sauti. Mtu akinong'ona kwa ukali ule unasikia mpaka kwenye mifupa.

"Macho yako yasimfuate daktari usoni," aliniambia asubuhi ile. "Yafuate mikono yake. Mkono utakuambia unataka nini kabla mdomo haujasema. Na kila gozi ya kufyonzea damu inayoingia tumboni uihesabu, ikitoka uihesabu tena, hata daktari akikugombeza."

Umeme ulikatika mara kwa mara, kwa hiyo vifaa tulivichemsha kwenye jiko la mkaa uani. Chumba kizima kilinuka dawa ya kuua vijidudu na moshi. Sista Kaduma alinifundisha kushika koleo, kutunga uzi kwenye sindano huku nikiwa na glovu zilizolowa, na kusimama kwa muda mrefu bila kuegemea kitu. Alinifundisha pia kunywa uji kabla ya kazi. Alisema shujaa asiyekula huanguka juu ya mgonjwa.

Huko ndiko nilikokutana na mtoto wa kwanza wa aina hii. Kwa wasiojua, korodani za mtoto wa kiume hutengenezwa juu tumboni, jirani na figo, na kabla hajazaliwa hushuka taratibu mpaka kwenye mfuko wake. Kwa watoto wengine safari hiyo haikamiliki. Mara nyingi inakwama kinenani, daktari anaigusa kwa vidole, anapasua kidogo, anaishusha. Lakini zipo zinazobaki ndani kabisa, hazigusiki. Zikiachwa huko, joto la tumbo linaziharibu. Mtoto akikua huenda akakosa uzazi, na saratani inaweza kuja kujificha mahali ambapo hakuna anayeweza kuipapasa.

Mtoto yule alikuwa na korodani moja tu mfukoni. Daktari wetu, mzee mpole kutoka Njombe, alipasua kinena, hakuona kitu. Akaongeza mpasuo, akaingia ndani zaidi, akatafuta kati ya utumbo kwa vidole na kwa taa iliyokuwa ikitetereka. Tulitafuta mpaka mtaalamu wa usingizi akasema inatosha. Daktari akashona. Mtoto mdogo akabaki na kovu refu tumboni.

Baba yake alikuwa anasubiri kwenye benchi, kofia mkononi.

"Mmeipata?" aliuliza.

"Hatukuipata," daktari alimjibu.

"Kwa hiyo ipo au haipo?"

Daktari alisema, "Sijui, baba. Nimetafuta kwa uwezo wangu wote, na sijui."

Niliwahi kuona watu wakipewa habari za msiba, nao wakajua la kufanya. Mtu aliyepewa "sijui" hana hata namna ya kulia. Yule baba aliivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

Baadaye niliolewa na mfanyakazi wa reli ya Zambia, nikamfuata Mbeya, tukajenga nyumba mtaa wa Ilomba. Nikapata nafasi katika chumba cha upasuaji cha hospitali moja pale mjini. Miaka ikaenda, tukipasua henia, mifupa iliyovunjwa na bodaboda, na matumbo ya kila aina. Watoto wenye korodani zisizogusika waliendelea kuja. Tuliowaweza tuliwafanyia kwa namna ile ile ya zamani. Wengine tuliwaandikia rufaa ya Dar es Salaam, na wengi wao, nadhani, hawakufika.

Kisha akaja Daktari Lusajo. Ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mpole mpaka unaweza kusahau kwamba yumo chumbani. Alikuwa ametoka kusomea upasuaji wa watoto. Siku chache baada ya kuripoti aliuliza kuhusu maboksi yaliyokuwa stoo yamefunikwa shuka. Ilikuwa mashine ya upasuaji wa matundu: kioo kama televisheni, chanzo cha mwanga, mtungi wa gesi, na vifaa virefu vyembamba kama spoku za baiskeli. Vilikuwa vimeletwa kabla hajapatikana mtu wa kuvitumia. Sisi tulikuwa tumeviheshimu sana, maana yake hatukuvigusa.

Daktari Lusajo alitueleza. Unatoboa tundu dogo kwenye kitovu, unapitisha kamera nyembamba, unajaza tumbo gesi ya kaboni, ile ile inayotia mapovu kwenye soda, ili ukuta wa tumbo uinuke na upate nafasi ya kuona. Kisha unatoboa matundu mengine mawili, madogo zaidi, ya kupitishia koleo na mkasi. Unafanya kazi ukitazama kioo.

"Bila kuingiza mkono?" nilimuuliza.

"Bila kuingiza hata kidole, mama."

Sikumwamini, lakini nilikuwa nimefundishwa kutoonyesha usoni.

Alitengeneza boksi la mazoezi kwa katoni ya maji ya chupa, akalitoboa, akaweka kamera ya kompyuta ndani. Jioni baada ya kazi tulikaa tukiokota maharage kwa koleo ndefu na kuyahamisha kutoka kikombe hadi kikombe. Inaonekana rahisi, lakini ukipeleka mkono kushoto, ncha inakwenda kulia, ukiinua, inashuka. Siku za mwanzo maharage yalikuwa mengi sakafuni kuliko kikombeni. Kwa kuwa wasaidizi tulikuwa wachache, aliamua mimi ndiye nitakayeshika kamera. Akaniambia mkono wangu ndio utakuwa jicho lake, ukitetemeka yeye ataona kizunguzungu. Nikapunguza chai.

Mtoto wa kwanza tuliyemfanyia alikuwa na upande mmoja usiogusika. Baridi ya Mbeya ilitupa somo mara moja: kamera ilitoka kwenye chumba chenye baridi ikaingia kwenye tumbo lenye joto, kioo kikawa ukungu mtupu. Tangu siku ile, wanangu, nilihakikisha kuna chupa ya maji ya moto yaliyochemshwa vizuri, na kamera inaoshwa humo kabla ya kuingia. Mashine ni ya gharama kubwa, lakini bila maji ya moto haioni kitu.

Ukungu ulipofutika, nilisahau kuvuta pumzi.

Nilikuwa nimeona matumbo yaliyofunguliwa miaka mingi. Siku zote niliyaona yakiwa yamevamiwa: damu, gozi, mikono, taa kali, utumbo umesukumwa pembeni. Pale nililiona tumbo likiwa nyumbani kwake. Ini lilikuwa jekundu la zambarau, linang'aa kama limetoka kuoshwa. Utumbo ulikuwa wa waridi, ukijikunja polepole kwa shughuli zake. Mishipa ya damu ilipita chini ya utando mwembamba, na kwenye mmoja niliona mapigo ya moyo wa mtoto yakipita, moja, jingine, jingine. Hata mtaalamu wa usingizi, ambaye huwa hana muda na sisi, alisimama kutazama.

Daktari Lusajo aliufuata mshipa wa korodani kwa macho mpaka mahali ulipokoma. Mwishoni mwake hapakuwa na kitu, ulikuwa umenyauka kama kitawi kilichokosa tunda.

"Haipo," alisema. "Ilikufa kabla hajazaliwa."

Tuliacha kovu dogo ambalo baadaye kitovu chenyewe kililimeza, tukamwambia mama yake ukweli: haipo, upande wa pili ni mzima na unatosha, msihangaike kutafuta tena. Alishukuru. Nilimkumbuka yule baba wa Iringa na kofia yake.

Sasa nimfikie Elia.

Aliletwa na wazazi wake kutoka Ilula, hajatimiza miaka miwili. Baba yake aliuza nyanya na vitunguu kando ya barabara kuu, kijana asiyesema sana. Walikuja mpaka Mbeya kwa sababu mtu wa nyumbani aliwaambia yuko Mhehe mwenzao anayefanya kazi na daktari wa watoto. Elia hakuwa na korodani upande wowote. Mfuko ulikuwa mdogo, bapa, mtupu.

Pamoja nao alikuja babu wa mtoto, Mzee Yohana, mzee wa kanisa, mkulima mwenye mikono kama jembe. Nilimwamkia kwa Kihehe, "Kamwene," naye akaitikia, akalegea kidogo. Kwa daktari hakulegea.

"Daktari, wewe ni kijana, nami nitakuuliza waziwazi," alisema. "Mtoto huyu ni wa kiume au wa kike?"

"Ni wa kiume, mzee. Tulipeleka damu yake Dar kupimwa, majibu yamerudi, yanasema ni wa kiume."

"Basi vya kiume viko wapi?"

"Nadhani viko tumboni. Ndiyo maana nataka kuchungulia."

"Unadhani?"

"Nadhani, mzee. Bado sijaona."

Mzee Yohana alimtazama kwa muda. "Kwenye ukoo wetu hajazaliwa mtoto wa namna hii," alisema, si kwa daktari bali kwa ukuta. Mama Elia aliinamisha kichwa. Nilielewa kwamba maneno yale hayakuwa mageni kwake.

Jioni, wodini, aliniambia yaliyobaki. Mzee alikuwa ameshasema kwamba mavuno yakiisha ukoo utakaa kikao. Mwanawe aoe mwanamke mwingine, na yeye arudishwe kwao na mtoto wake. Nyumbani alikatazwa kumwogesha Elia mbele ya watu. Majirani wa kike walikuwa wameanza kuchukua njia nyingine wanapokwenda bombani.

"Sista, zisipopatikana sina pa kurudi," alisema.

"Na mume wako anasemaje?"

"Hasemi. Ananunua maziwa ya mtoto, hasemi."

Nilikaa kando ya kitanda chake. Nikamwambia, "Mwanangu, kesho tutaona kilichomo. Lala." Nilimwazima shuka langu la pili, maana wodini kulikuwa na baridi.

Kesho yake Elia alilazwa kwenye meza, mdogo kuliko mto. Alipopata usingizi wa nusu kaputi, Daktari Lusajo alipapasa kinena tena, kwa sababu mara nyingine mtoto akilegea korodani huonekana. Haikuonekana. Akatoboa kitovu. Gesi iliingia, tumbo likainuka taratibu. Niliosha kamera kwenye maji ya moto, nikaiingiza.

Upande wa kulia tuliiona mara moja. Ilikaa karibu na mlango wa kinena, nyeupe, laini, saizi ya punje ya harage, imelala pale kama mtu aliyefika mlangoni akasita kubisha. Nilisikia watu wakishusha pumzi nyuma yangu.

Upande wa kushoto hapakuwa na kitu. Daktari aliniomba nisogeze jicho juu. Nikasogeza. Juu zaidi. Akausogeza utumbo kwa upole kwa ncha ya koleo, na pale, jirani kabisa na figo, mahali ilipotengenezwa, ilikuwapo ya pili. Haikuwa imeanza hata safari.

Ya kulia aliishusha siku ile ile. Aliufungua utando unaoishika, akaipitisha kwenye njia mpya mpaka mfukoni, akaitengenezea kijifuko chini ya ngozi na kuishona isirudi. Ya kushoto ilikuwa mtihani. Mishipa yake ya damu ilikuwa mifupi, haifiki chini hata ukiivutaje.

Hapa ndipo nilipoona jambo ambalo mpaka leo nikilieleza watu wananiangalia kama nimeongeza chumvi. Korodani ina mshipa wake mkubwa wa damu. Lakini pembeni, sambamba na mrija wa mbegu, kuna kamshipa kembamba kama uzi wa buibui, kanakopeleka damu kidogo sana. Ukiufunga mshipa mkubwa kwa klipu na kuiacha korodani palepale, bila kuisumbua, kale kamshipa kanaweza kupanuka. Mwili unagundua njia moja imefungwa, unaikuza nyingine. Unasubiri miezi kama sita, unarudi. Ikiwa bado hai, unaukata ule mshipa mkubwa mfupi na kuishusha, ikining'inia kwenye njia yake mpya.

"Na kama kamshipa hakakupanuka?" nilimuuliza.

"Tutakuwa tumeiua," alisema Daktari Lusajo. Akautazama mshipa unaodunda kwenye kioo. Kisha akaweka klipu.

Kumweleza Mzee Yohana ilikuwa kazi yangu, kwa Kihehe, daktari akiwa pembeni. Alisikiliza yote.

"Mmeipata, halafu mmeifungia chakula, halafu mnaniambia nikasubiri."

"Ndiyo, baba."

"Na hiyo moja mliyoiweka?"

"Hiyo imekaa mahali pake. Hata ikiwa hiyo peke yake, huyu ni mwanaume kamili."

Alifikiri. "Basi tutasubiri," alisema. Kuhusu kikao cha ukoo hakusema lolote, nami sikuuliza. Mama Elia aliondoka na mtoto mgongoni, hajui anarudi kwenye nyumba yake au kwenye nyumba anayoazimwa.

Walirudi baada ya miezi iliyotakiwa. Elia alikuwa anakimbia, amejifunza kusema "sitaki". Safari hii baba yake ndiye aliyembeba mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na aliponikabidhi alisema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akisema: "Sista, mama yake hajalala tangu juzi, ukitoka uanze kumwambia yeye, usianze na mzee."

Niliingiza kamera, kama nilivyokuwa nimewafanyia watoto wengi kati ya safari hizo mbili. Nilibana kiwiko ubavuni. Kioo kilionyesha utumbo, kisha figo, kisha klipu ikimetameta. Chini yake ilikuwapo korodani, nyeupe, imara, kubwa kidogo kuliko tulivyoiacha. Na pembeni ya mrija wa mbegu, pale palipokuwa na uzi wa buibui, kulikuwa na mshipa mwekundu, uliopindapinda, na ndani yake niliona mapigo.

Daktari Lusajo aliweka vifaa chini. Ni mara pekee niliyomwona akifanya hivyo katikati ya kazi. Alisimama, mikono imefumbatwa kifuani ili isiguse kitu, akatazama tu. Hakuna aliyemharakisha. Hakuna mtu duniani aliyeuelekeza mwili ule mdogo kujenga barabara. Tulifunga tu njia moja na kwenda zetu, tukala, tukalala, tukagombana juu ya zamu, na huko Ilula, ndani ya mtoto anayecheza kwenye vumbi la nyanya, kazi ile ilikuwa inaendelea.

Tuliishusha. Ilifika mfukoni bila kuvutwa.

Nilipotoka nilianza na mama, kama nilivyoombwa. Nilimwambia, "Zote mbili." Alikaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa khanga, na mume wake akaenda akakaa naye palepale chini, watu wakiwapita.

Kliniki ya mwisho walikuja wote. Daktari Lusajo alimpima Elia, akasema zote ziko mahali pake na zinakua, kisha akamuuliza Mzee Yohana kama angependa kugusa mwenyewe. Mzee alinawa mikono kwenye sinki, akaipasha joto kwa kuisugua, akagusa kwa ncha za vidole, taratibu, huku Elia akimwambia sitaki. Alipomaliza alikaa kwenye kiti, akauliza kwa Kihehe kama ni kweli kwamba mle ndani tuliona kama mtu anavyoona mchana.

Nilimtafsiria daktari. Akawaomba wazazi ruhusa, akafungua kompyuta, akatuonyesha picha tulizorekodi. Kwanza ini. Kisha utumbo ukijikunja. Kisha mshipa mpya.

Mzee Yohana alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo.

"Nimechinja wanyama tangu ujana," alisema. "Sijawahi kuona ndani ya kiumbe kilicho hai. Hiki kinachodunda ni nini?"

"Ni damu, baba. Ni ule mshipa uliojikuza."

"Nani aliukuza?"

"Mwili wake."

"Gizani humo?"

"Gizani humo."

Alitazama mpaka picha zikaisha, akaomba zirudiwe, zikarudiwa. Mama Elia alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wa mtoto, pale alipozoea kusimama mzee akiwa anaongea na daktari. Mzee Yohana aligeuka, akasogeza kiti chake pembeni, akavuta kingine akakiweka karibu na kioo, mbele kabisa.

"Mama Elia," alisema, "njoo ukae hapa, uone ulichokitengeneza."